Mita Moja

Umeme ulikatika Keko saa mbili usiku, Jumapili ya Juni,
darubini ya mteja ikiwa bado mikononi mwangu.
Mimi ni fundi miwani, Mtaa wa Mkunguni;
lenzi yake ilikuwa na ukungu wa kabatini, wa miaka na miaka.
Bwana Ndimbo, mpima ardhi mstaafu, aliniachia na sharti:
"Ijaribu kwa Rijili. Ukiona moja, hujasafisha.
Ukiona mbili, nipigie, naja na hela yako."

Nikapanda ghorofa ya jirani, ile iliyoishia nondoni,
nikageukia kusini, Mbagala yote giza,
na pale, chini chini, juu ya paa la kiwanda cha magodoro,
Rijili.
Kwa macho matupu ni nyota moja.
Ungeapa. Hata mimi ningeapa.

Huku chini sauti mbili zikapaa kwa pamoja,
moja chumba cha mbele, moja uani:
"Imeisha au wamekata?"

Wazazi wangu hao. Bi Sikudhani na Mzee Pazi.
Talaka yao ni kubwa kuliko wajukuu wao.
Baraza liligawa nyumba, mama mbele, baba uani;
mita ya LUKU haikugawanyika.
Mpita njia huona nyumba moja, taa moja,
hupiga hodi moja, na salamu ni za wote.
Nani ajue kwamba uniti hununuliwa kwa zamu,
kwamba kuna daftari,
na ndani ya daftari kuna kesi ya pasi?

Nikaizungusha lenzi taratibu. Ukungu. Ukungu.
Halafu ikapasuka:
moja kubwa, ya manjano, kama jua letu likiwa mbali,
na ubavuni pake nyingine, ndogo kidogo,
rangi ya koili ya jiko inayoanza kushika moto.

Bwana Ndimbo alikuwa amenichorea nyuma ya risiti:
huzungukana kwa karibu miaka themanini,
na duara lenyewe si duara, ni yai.
Zikikaribiana, ni jua hadi Zohali na ziada;
zikiachana, Neptuni inabaki nyuma.
Hamsini na tano zilikaribiana.
Tisini na tano, zilikuwa mbali kabisa.

Kitambulisho cha mama kinasema hamsini na tano.
Talaka ni ya tisini na tano.
Sisemi nyota zilihusika; nyota hazina habari na Keko.
Nasema niliona hesabu, nikakaa kwenye tofali.

Na kile zinachokizunguka si kitu.
Nilitazama hapo katikati hadi jicho likatoa machozi: giza, basi.
Iliyo nzito hukaa karibu zaidi na hapo patupu.
Kwetu hapo ni korido, ndoo ya maji, mita ukutani.
Mlango wa mama, hatua tatu. Wa baba, kumi na moja.

Kuna ya tatu, alisema. Hafifu, nyekundu, kando kabisa,
huzizunguka hizo mbili kwa zaidi ya miaka laki tano.
Darubini hii haiwezi kuiona.
Lakini kati ya zote, ndiyo iliyo karibu nasi.
Sikumwuliza zaidi.
Nimepanga Chanika. Huja Jumapili, na uniti za elfu tano.

Mwanga nilioutazama ulitoka huko miaka minne na miezi iliyopita,
mkono wa baba ulipokuwa bado haujaanza kutetemeka.
Siku hizi yeye husoma tarakimu, zote ishirini,
na mama humbonyezea.
Hawatazamani.
Akikosea moja, huanza upya, wote wawili, bila kuguna.
Na huko juu nazo zinarudiana, mwaka hadi mwaka,
hadi thelathini na tano.

Umeme ukarudi.
"Wamerudisha!" ikasema nyumba, kwa vinywa viwili.
Nikampigia Bwana Ndimbo.
"Umeona ngapi?"
Nikamwambia aje na hela.